Fundi Rudirudi: Miaka Thelathini na Mitano ya Kugusa Ukuta

Ifikapo tarehe 30 Juni 2026, Fundi Anonciata Mukamusoni atakabidhi testa, bisibisi na funguo za karakana, baada ya kuitumikia shule yetu ya bweni hapa Bugene kwa miaka thelathini na mitano kasoro mwezi mmoja. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1991. Katika muda huo amefanya kazi na wakuu wa shule watano na majenereta mawili, na kati ya wote hao ni majenereta tu yaliyomsikiliza tangu siku ya kwanza.

Anayeandika ni mimi, Rogasian Byarugaba, niliyefundisha fizikia hapa tangu 1974 hadi 2007. Mkuu wa Shule, Mwalimu Komujuni, alinipa kazi hii kwa sababu mbili: nimefanya kazi na Fundi miaka mingi, na nina nafasi. Ya pili ni kweli kabisa. Tangu Januari moyo wangu unakwenda kama jenereta letu la zamani, unakohoa, unasita, unawaka tena mtu akiukemea. Daktari amenieleza kwa upole kwamba nisijisumbue kununua kalenda ya mwaka ujao. Mkuu aliomba kurasa mbili za kuchekesha. Vichekesho vipo, na karibu vyote vinanihusu mimi.

Anonciata alizaliwa Nyaishozi, katika familia ya wakulima wa migomba na maharage iliyotoka Rwanda enzi za babu yake. Hakuja hapa kama fundi. Alikuja kama msaidizi wa jikoni, kazi yake kumenya ndizi za wanafunzi mia nne. Siku moja, wakati wa mtihani wa majaribio, jenereta lilizima. Mimi mwenye shahada nililizunguka mara tatu, huku nikiwaeleza wanafunzi jinsi sumaku inavyozaa umeme. Somo lilikuwa zuri, giza likabaki palepale. Anonciata alitoka jikoni na kisu cha ndizi mkononi, akauliza kwa heshima kama tumeangalia dizeli. Hatukuwa tumeangalia dizeli.

Mkuu wa shule wa wakati ule, marehemu Mwalimu Akankwasa, alimpeleka chuo cha ufundi mwaka uliofuata. Alirudi mwaka 1995 na cheti, gambuti nyeusi na mfuko wa turubai ambao anao mpaka leo. Umeme wa nguzo ulipotufikia, yeye ndiye aliyefunga nyaya za mabweni, maabara, jiko na nyumba zote za walimu. Nyaya zake zilipita darini zimenyooka kama mistari ya daftari. Walimu wa hesabu walipanda ngazi kuzitazama.

Mnamjua zaidi kwa jina la Fundi Rudirudi. Nitangulize kusema kwamba jina hilo nililitunga mimi, na nililipenda sana. Wenzangu mliohamia hapa miaka ya karibuni mmeshaizoea tabia yake. Anakufungia soketi asubuhi. Jioni anarudi, anaweka mgongo wa kiganja ukutani, anasikiliza, anaondoka. Kesho yake anarudi. Baada ya wiki anarudi tena, hata kama una wageni, hata kama unakula. Mwalimu mmoja alifunga ndoa Jumamosi, na Jumatatu asubuhi bibi harusi akamkuta mwanamke mwenye gambuti ameegemeza mkono kwenye ukuta wa chumbani kwao, amefumba macho.

"Usiogope, mama," alisema Fundi. "Naangalia tu kama kuna joto."

Bibi harusi akamjibu kwamba joto lipo, lakini si la umeme. Shule ilicheka muhula mzima. Mimi nilicheka kuliko wote, na ndiyo maana naomba mkikumbuke kicheko hicho hadi mwisho wa ukurasa wa pili.

Fundi ana namna yake ya kupokea simu. Hakusalimii kwanza, atakusalimia mwishoni kama muda upo. Anauliza: Kuna harufu? Kuna joto ukutani? Kuna mlio? Kuna mtu amepigwa, hata kidogo? Kuna maji karibu? Ukijibu hapana kwa yote, ni balbu yako moja tu imekufa, anasema hilo ni la kusubiri. Soketi ikiwa imelegea lakini haina joto wala harufu, ni la kesho, usichomeke kitu mpaka aje. Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya yale maswali, sauti yake inashuka na kuwa ya taratibu sana. Hilo ni la sasa hivi. Zima swichi kuu kama unaifikia bila kukanyaga maji wala kugusa kinachoungua. Kama huifikii, toka, toa watu, usirudie hata kitambulisho.

Simu nyingi huwa za kusubiri. Polikarpi, mwenye duka Nyaishozi, alipiga akilia kwamba kwake ni hatari, nyumba nzima giza, pengine nchi nzima. Fundi akauliza yale matano. Hapana, hapana, hapana, hapana, hapana. Akaongeza la sita.

"Mara ya mwisho uliweka umeme wa LUKU lini?"

Polikarpi akashusha sauti.

"Waitu Fundi," alibembeleza, "usimwambie mtu."

Hakumwambia mtu. Polikarpi mwenyewe ndiye aliyetusimulia, kwenye ubatizo, baada ya kibuyu cha pili cha pombe ya rubisi.

Nyingine huanza kwa kicheko. Mwaka juzi wakati wa masika, mama mmoja wa Bweranyange, Uwiduhaye, alipiga kuuliza kama Fundi anajua dawa ya kutu. Watoto wake walikuwa wamegundua mchezo: mvua ikinyesha wanagusa bati la kibarazani na kucheka, kwa sababu linatekenya.

"Linatekenya?" aliuliza Fundi.

"Kidogo tu. Nadhani ni kutu."

"Mama, nisikilize. Waite watoto kwa mdomo. Usimshike yeyote aliyeshika bati. Tokeni wote, nendeni kwa jirani, na msiguse kamba ya kuanikia nguo."

"Sasa hivi? Nina ndizi jikoni, Fundi, ndiyo kwanza zinachemka."

"Ziungue."

Alipanda bodaboda kwenye mvua, huku akiwapigia Tanesco wakate umeme kutoka nguzoni. Ncha ya bati ilikuwa imekwangua ngozi ya waya unaoingia nyumbani, na paa lote lilikuwa limejaa umeme. Leo watoto wale watatu wanasoma, na ndizi hazikuungua sana.

Mkutano wa kijiji ulipiga makofi habari ile iliposimuliwa. Mimi nilikuwepo na sikuweza kupiga. Nilijua maswali yale matano yalitoka wapi. Yalitoka nyumbani kwangu, mwezi wa Novemba 2005, na hapa ndipo wasifu huu unapoacha kuwa wa Fundi peke yake.

Novemba, kama mnavyojua, ni mwezi wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga. Mwaka ule walikuja wengi kama mchele uliomwagika. Kila mwenye bati na taa alijenga mtego: taa kali inawaita, bati linawatelezesha, pipa linawapokea. Wengine waliweka taa moja. Mimi, mwalimu wa fizikia, sikuweza kuwa na taa moja kama mtu asiyejua mwanga. Nilichora mchoro. Nikahesabu pembe za bati. Nikafunga taa sita za wati mia tano nyuma ya nyumba yangu ya shule, zote kwenye laini nyembamba iliyowekwa kwa ajili ya balbu za ndani. Zikawaka dakika nne. Fyuzi ikaungua.

Fundi alikuja, akaweka waya mpya wa fyuzi, mwembamba kama unywele. Kesho yake ikaungua tena, akaja tena. Siku ya tatu walimu wenzangu walikuwa wamekaa kibarazani wakisubiri senene wa bure.

"Mwalimu, shikamoo," alisema. "Fyuzi haijaharibika. Fyuzi inakataa. Ondoa taa nne, ubaki na mbili."

"Anonciata," nilimjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa kibaraza, "mimi ndiye niliyewafundisha waliokufundisha."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini ziwe mbili."

Watu walicheka, na sikuwa na hakika wanamcheka nani. Alipoondoka nilikwenda maabara, nikakata kipande cha waya wa shaba, mnene kama njiti ya kiberiti, nikakifunga mahali pa waya wa fyuzi. Nilikuwa nimewaandikia wanafunzi ubaoni kwa miaka thelathini na moja kwamba hilo halifanywi kamwe. Taa zote sita zikawaka hadi nilipozizima mwenyewe. Tulijaza gunia la kwanza.

Siku tatu baadaye sebule ilinukia samaki. Nilimsifu mke wangu Therese kwa kutupikia dagaa.

"Dagaa gani, baba Ainebyona? Tangu wiki iliyopita sijanunua dagaa."

Nikasema basi ni jirani. Plastiki ya vifaa vya umeme ikianza kuungua hunuka hivyohivyo, na nilikuwa nimelisoma jambo hilo kitabuni. Paka wetu alihamia juu ya kabati lililo chini ya ubao wa fyuzi, akawa halali pengine popote. Nilimsifu na yeye kwa kuchagua mahali penye joto. Ukutani kulikuwa na mlio mdogo, kama wa kitu kinachosugua mbawa. Nikasema kuna senene ameingia ndani ya ukuta. Therese akalalamika kwamba swichi ya stoo imemuuma mkono. Nikamweleza habari za umeme tuli na sweta za sufu. Alikuwa hajavaa sweta.

Harufu, joto, mlio, mtu kupigwa. Yalibaki maji tu, na hayo niliyaleta mwenyewe.

Jumamosi, saa kumi alasiri, jua likiwaka, niliongeza taa mbili nikawasha zote nane ili nipime mwelekeo wa miale. Mchana kweupe. Moshi ulitokea darini juu ya ubao wa fyuzi, kisha moto. Mwalimu wa fizikia wa miaka thelathini na moja alikimbia na ndoo ya maji kuelekea kwenye umeme, bila kujua kama umezimwa. Kitu kilinigonga ubavuni, nikajikuta nimekaa katikati ya tuta la maharage, ndoo kifuani.

"Mwaga hapohapo, Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Anonciata. "Yanywe maharage!"

Alikuwa ameshazima swichi kuu ya shule nzima karakanani kabla ya kuja. Kisha alisikia kwamba Therese amerudi ndani kuchukua cherehani yake. Aliingia. Alitoka naye amemshika kiunoni, bila cherehani, na kipande cha dari kinachoungua kimemwangukia mkono wa kushoto. Lile kovu mnaloliona anapopandisha mkono wa shati ni la siku hiyo. Wafanyakazi walimalizia moto kwa mchanga. Nilipoteza sebule, stoo, jiko na magunia mawili ya senene, waliokaangika bila mafuta wala chumvi.

Paka alipona. Alikuwa ametoka asubuhi, akili zake zikiwa timamu kuliko zangu.

Alfajiri yake, kabla ya mtu yeyote, nilichukua kishikio cha fyuzi kwenye majivu, nikatoa ule waya wa shaba, nikautia mfukoni. Fundi alipofika kukagua kazi yake, nilimwambia kamati imekataza mtu kugusa kitu. Kamati ilikuwa haijaundwa bado. Ilipoundwa, Mwalimu Akankwasa aliniomba mimi, mtaalamu, niandike chanzo cha moto. Niliandika kurasa kumi na moja zenye michoro mitatu. Niliandika kwamba kiungo cha waya darini kilikuwa kimelegea tangu siku kilipofungwa.

Kamati ilimwita Anonciata, mkono wake ukiwa bado kwenye bandeji, ikamuuliza anasemaje. Alinitazama mimi kwanza, kama mwanafunzi anayetafuta jibu usoni pa mwalimu. Kisha akasema: "Sikumbuki kulegeza kiungo. Lakini Mwalimu ndiye anayejua. Siwezi kuapa."

Barua ya onyo ilisomwa mbele ya wafanyakazi wote. Nafasi ya usimamizi wa karakana, aliyokuwa apewe Januari, ikaenda kwa Bwana Telesfori, mtu mwema ambaye kwa miaka kumi na tano alimuuliza Anonciata kila kitu na kutia sahihi chini yake. Mimi nilibakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu. Nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani. Therese alifariki mwaka 2019. Hakuwahi kuniuliza. Tangu ule moto aliacha tu kunikaangia senene.

Na tangu ule moto Fundi alianza kurudi. Hilo ndilo sikulifikiria nilipokuwa natunga jina la kuchekesha.

Mwezi uliopita Mwalimu Komujuni alikuja kwangu na faili la Fundi ndani ya kikapu, nipate tarehe za kuandikia.

"Shikamoo, Mwalimu. Iwe na utani, watu wacheke," alisema. "Bodi ilitaka karakana mpya ipewe jina lake. Inasikitisha tu, kanuni inataka faili lisilo na onyo, na hapa lipo moja. Moja tu, miaka thelathini na mitano! Nani alikuwa mkali hivyo?"

Akaondoka. Nikafungua. Chini ya barua ya onyo zilikuwepo kurasa zangu kumi na moja, michoro imenyooka, mwandiko mzuri kabisa. Siku ile sikula mchana wala usiku. Kesho yake asubuhi nilimpigia simu.

"Kuna harufu?" alisema Fundi.

"Hapana."

"Kuna joto?"

"Anonciata, si umeme. Nataka kukuambia jambo."

"Ni la kusubiri au la sasa hivi?"

"Daktari anasema la sasa hivi."

Alifika kwa bodaboda baada ya robo saa, mfuko wa turubai begani, kwa maana hakuniamini niliposema si umeme, na alifanya vizuri. Swichi ya chumbani kwangu ilikuwa inatema cheche tangu Pasaka, nami nilikuwa nimeizungushia plasta ya kidonda. Aliitazama plasta, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Alizima swichi kuu, akafunga swichi mpya. Alipomaliza nilitoa kopo la dawa ya viatu, nikafungua, nikampa kipande cha waya wa shaba kilichokaa humo miaka ishirini. Nikamwambia kilikotoka.

Alikishika kati ya vidole viwili, akakipima unene kama anavyopima kila waya.

"Mwalimu," alisema polepole, "huu ungevuta gari."

Nilidhani atacheka. Aliketi kitandani, kwenye ukingo.

"Miaka ishirini nimekuwa nikifunga nyumba ile upya kichwani. Kila nikilala. Naanzia kwenye nguzo, naingia darini, kiungo kwa kiungo, natafuta nilipokosea. Nikifika jikoni naanza tena. Nikifunga soketi ya mtu, silali, narudi kugusa. Mume wangu alikuwa ananiuliza, kwani huo ukuta una nini? Nikamwambia siujui mkono wangu tena."

Nilikuwa na shahada, lakini hilo halikuwamo.

"Na ninyi mkanipa jina," aliongeza.

"Nililitunga mimi."

"Najua ulitunga wewe. Ulilitangaza kwenye mahafali."

Niliomba msamaha. Aliuzungusha waya kwenye kidole kama pete.

"Kusamehe ni la kesho, Mwalimu. Barua ilisomwa mbele ya nani?"

"Wafanyakazi wote."

"Basi iandike isomwe mbele ya wafanyakazi wote. Hilo ndilo la sasa hivi."

Ndiyo maana mnasoma haya kwenye jarida, na ndiyo maana hayakutosha kurasa mbili. Bodi ilikaa tarehe 12 Juni. Barua ya onyo imetolewa failini pamoja na kurasa zangu kumi na moja. Mahali pake imewekwa taarifa mpya niliyoiandika na kuitia sahihi, nusu ukurasa, bila mchoro: chanzo cha moto ni waya mnene uliowekwa na Mwalimu R. Byarugaba mahali pa fyuzi, baada ya fundi kumwonya. Viungo vyote vya fundi vilikuwa imara. Karakana mpya itaitwa Karakana ya Anonciata Mukamusoni. Kibao kitafungwa siku ya sherehe, naye ameweka sharti moja tu, kwamba skrubu atafunga mwenyewe. Ule waya ameomba utundikwe karakanani, juu ya meza ya wanafunzi wanaoanza. Nimeomba jina langu liandikwe chini yake kwa herufi kubwa, wasije wakadhani ni wa mtu mwingine mwenye akili.

Bado neno moja. Alipofunga ile swichi ya chumbani nilijua atarudi jioni, kwa kuwa hurudi daima. Nikavaa shati safi, nikakaa sebuleni. Hakuja. Kesho yake hakuja. Siku ya nne nikapata wasiwasi, nikapiga.

"Fundi, hujarudi kukagua swichi."

"Kwani ina joto?"

"Haina."

"Ina mlio? Harufu?"

"Hakuna kitu."

"Basi si niliifunga vizuri, Mwalimu?" alisema, kisha akanisalimia, kwa maana safari hii muda ulikuwepo, akakata simu.

Nilienda chumbani, nikaweka mgongo wa kiganja juu ya swichi ile. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Fundi Anonciata, shule inakushukuru kwa kila taa, kwa watoto wa Bweranyange, kwa ndizi ulizomenya kabla hatujajua wewe ni nani. Mimi nakushukuru kwa miaka kumi na minne niliyoishi na Therese baada ya moto, ambayo ulinitolea kwenye moshi kwa mkono wako wa kushoto. Nyumbani kwako Nyaishozi tunakuombea migomba yenye mikungu mizito, wajukuu wenye kelele, na simu za kusubiri tu. Zaidi ya yote tunakutakia usingizi. Ukifika darini, usiendelee na kiungo kinachofuata. Vilikuwa imara vyote, tangu siku ulipovifunga.